Bobi amehasiwa, mbona bado anainua mguu sebuleni?

*Shikamoo daktari. Nina mbwa dume wa miaka mitano, anaitwa Bobi. Tulimhasi akiwa na miaka mitatu kwa sababu alikuwa anaruka ukuta kufuata majike. Kuruka ukuta kuliisha kabisa. Miezi minne iliyopita tulihama kutoka Tabata kwenda Goba, na shemeji yangu akaja kuishi nasi na mbwa wake, dume mdogo ambaye hajahasiwa. Tangu hapo Bobi anakojoa ndani kidogo kidogo: mguu wa kochi lililo chini ya dirisha la barabarani, pazia la sebuleni, mlango wa chumba cha shemeji, na juzi begi la mgeni. Nje anakojoa kama kawaida. Mlinzi alituambia tumsugue pua kwenye mkojo na kumchapa. Tumefanya, sasa anasubiri tusimwone. Jirani anasema aliyemhasi hakumaliza kazi. Tunasafisha kwa Jik kila siku. Mke wangu ni mjamzito, amebakiza miezi mitatu, na amechoka. Anataka Bobi ahamie nje moja kwa moja au apewe mtu mwingine. Kwani kuhasiwa si ndiko kunakomesha jambo hili? Nifanye nini?*

Marahaba, ndugu yangu, na hongereni kwa ujauzito. Naona mambo matatu yamekukaa kichwani: kwamba upasuaji haukufaulu, kwamba Bobi anawakomoa, na kwamba muda unakwisha. Hilo la tatu ni la kweli, na ndiyo maana nakujibu kwa urefu. Hayo mawili ya kwanza siyaamini, na sababu nitakupa. Mbwa aliyehasiwa kuweka alama ndani ya nyumba, yaani kukojoa kidogo kidogo ili aache harufu yake, ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani, na kwa mbwa aliyehamishwa nyumba kisha akaletewa dume mgeni ndani ya miezi hiyo hiyo, ningeshangaa kama asingefanya chochote.

Lakini kabla ya tabia, mkojo wake upimwe. Mimi pia naegemea kwenye tabia, maana ulivyoeleza ndivyo alama zinavyowekwa: mguu juu, kitu kilichosimama wima, kiasi kidogo, sehemu zile zile. Mbwa aliyezidiwa na kibofu huacha dimbwi sakafuni. Anayevuja usingizini huamka tumbo na malazi vimelowa. Anayejikojolea kwa woga hujikunja chini, masikio nyuma, mbele ya mtu anayemfokea. Bobi si kati ya hao. Hata hivyo uambukizi wa njia ya mkojo na mawe ya kibofu humfanya mbwa akojoe kidogo kidogo mara nyingi, na kisukari na maradhi ya figo humfanya anywe maji na kukojoa kupita kiasi, na kwa macho tu huwezi kuapa ni kipi. Asubuhi, akiinua mguu nje, kinga mkojo kwa kikombe kikavu na safi, umimine kwenye kichupa chenye kifuniko, uufikishe kwa daktari wa mifugo ndani ya saa moja au mbili. Ukichelewa, uweke kwenye friji. Ni kipimo cha bei nafuu, na kinaweza kukuokoa usihangaike na mafunzo ya kumfundisha mbwa mgonjwa.

Yapo mambo mawili yasiyosubiri miadi. Ukimwona anajikamua, anainua mguu tena na tena na hakuna kinachotoka au yanatoka matone tu, mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kwa dume, mrija wa mkojo hupita kwenye mfupa mdogo ulio ndani ya uume, na hapo ndipo mawe hukwama. Kibofu kikiziba, mbwa anaweza kufa. La pili ni mkojo wenye rangi ya kahawa au damu, pamoja na homa na ulegevu. Huku kwetu hiyo mara nyingi ni homa ya kupe, nayo haivumilii kesho.

Sasa hilo la kuhasiwa. Korodani zikiondolewa, testosteroni, yaani homoni ya kiume, hushuka upesi kwenye damu, lakini tabia huchukua wiki hadi miezi kupungua, na nyingine hazipungui zote. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walichapisha matokeo ya mbwa 57 waliohasiwa wakiwa wamekomaa kwa sababu ya tabia kama hizi. Kwa kuweka alama, kuwapanda wengine na kuzurura, angalau asilimia 60 ya mbwa walipunguza tabia kwa nusu au zaidi. Waliokaribia kuacha kabisa, yaani waliopunguza kwa asilimia 90 au zaidi, walikuwa kati ya asilimia 25 na 40 tu. Walipotazama umri wa mbwa na muda alioishi na tabia ile, waliona kwamba havikuwasaidia kubashiri nani angepona. Kwa hiyo Bobi aliyeacha kuruka ukuta ni miongoni mwa waliofaidika sana na upasuaji. Aliyekuahidi kwamba kila kitu kitakoma alikuahidi zaidi ya uwezo wa kisu.

Sababu ya hayo ni kwamba ubongo wa dume huumbwa kuwa wa dume mapema mno, tumboni mwa mama na siku chache baada ya kuzaliwa, kwa testosteroni ya wakati ule. Kumhasi baadaye ni kupunguza kuni motoni. Jiko lenyewe lilishajengwa. Ndiyo maana dume aliyehasiwa bado huinua mguu, na ndiyo maana hata majike huweka alama, ingawa kwa uchache. Juu ya hilo, Bobi alikuwa na miaka mitatu ya mazoezi kabla ya kuhasiwa.

Jirani yako anaweza kuwa na haki katika hali moja tu. Wapo mbwa ambao korodani moja hubaki tumboni au kwenye kinena, na mpasuaji akitoa ile inayoonekana peke yake, iliyobaki huendelea kumwaga homoni. Muulize aliyemhasi, au tazama karatasi za siku ile: zilitoka ngapi? Kama ni mbili, suala limekwisha. Kama ni moja au hakuna anayekumbuka, omba kipimo cha homoni. Na ikithibitika ipo, itolewe bila kujali habari ya kochi, kwa sababu korodani iliyobaki tumboni ina hatari kubwa zaidi ya kuota saratani. Kwa Bobi naona uwezekano huo ni mdogo, kwa jinsi alivyoacha majike kabisa.

Tukubaliane basi anafanya nini. Mkojo kwa mbwa ni taarifa. Ndani yake mna harufu inayomwambia mwingine jinsia ya aliyepita, hali yake, na kama alipita leo au juzi. Mbwa husoma kwa pua, na ana ogani nyingine juu ya kaakaa, ogani ya Jacobson, inayoshughulikia harufu za namna hiyo. Akiweka harufu yake mahali, mahali pale panakuwa panamhusu na anatulia kidogo. Dume mwenye hofu au mashaka huandika zaidi. Huko Tabata kila kona ilikuwa na harufu yake ya miaka. Goba hakukuta hata moja, na kila siku ndani ya nyumba anakutana na harufu ya dume mwingine asiyehasiwa.

Kwa hiyo fanya kazi hii leo: chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, weka nukta kila mahali alipokojoa, na pembeni andika saa na kilichotangulia. Nyumba nyingi zikishapata ramani hii, jibu hujionyesha. Nikisoma sehemu zako nne naziona hadithi tatu. Kochi na pazia viko kwenye dirisha la barabarani: Bobi anaona au anasikia mbwa wanaopita nje, na mitaa mipya kama yenu mbwa huzurura sana, hasa usiku. Mlango wa shemeji ni habari ya yule dume mdogo. Begi la mgeni limeingia na harufu za nyumba ya watu, labda zenye mbwa wao. Hakuna hata sehemu moja inayosema ana hasira na mkeo. Muulize pia mwenye nyumba kama mpangaji aliyetangulia alifuga mbwa ndani. Kama alifuga, sakafu yenu huenda ina alama za zamani ambazo nyinyi hamzinusi na Bobi anazinusa vizuri.

Kuhusu fimbo na kumsugua pua, nakuomba uache leo, wewe na wote nyumbani, pamoja na mlinzi. Tazama kilichotokea kwa maneno yako mwenyewe: sasa anasubiri msimwone. Hakujifunza kwamba kukojoa ndani ni kosa. Amejifunza kwamba kukojoa mbele yenu kunaumiza. Mbwa huunganisha adhabu na kile kinachotendeka sekunde ile ile, si na dimbwi la saa mbili zilizopita, na ile sura ya unyonge anayoiweka mnapomwita kwenye mkojo ni woga wa nyuso zenu. Mashaka ndiyo yanayomsukuma kuweka alama, nanyi mnamwongezea mashaka. Tena mbwa anayeogopa kukojoa mbele ya watu hatakojoa mkiwa naye nje kwenye kamba, na hapo mtakosa nafasi ya kumsifu.

Mkimkuta katika tendo, neno moja la kumshtua kidogo, "eeh!", bila kelele, kisha mnatoka naye nje. Akimaliza nje, apate kipande cha nyama au dagaa pale pale. Mkikuta amekwisha kojoa, safisheni mnyamaze.

Na usafi wenyewe tuurekebishe, kwa sababu Jik mnayotumia inafanya kazi ambayo si hii. Mkojo una amonia, na klorini ya Jik ikikutana na amonia hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Ndani ya chumba kilichofungwa si jambo la kuchezea, na mjamzito asiwe karibu. Dettol na sabuni zenye manukato huficha harufu kwenye pua yenu tu. Kinachohitajika ni vimeng'enya, vitu vinavyomeng'enya mabaki ya mkojo hadi yasinuke. Kuna dawa maalumu kwenye maduka ya vifaa vya wanyama, na usipoipata, sabuni ya unga ya kufulia iliyoandikwa kwamba ina vimeng'enya inasaidia: kijiko kimoja kwa vijiko tisa vya maji ya uvuguvugu. Kausha mkojo kwanza kwa kitambaa kwa kukandamiza, usisugue. Mwagia maji ya sabuni mpaka yafike kina ambacho mkojo ulifika, funika kwa kitambaa chenye maji ili pasikauke, acha kwa saa kadhaa, kisha suuza. Maji yasiwe ya moto, wala usichanganye na Jik, maana vyote viwili huua vimeng'enya. Pazia lifuliwe. Sponji ya kochi itataka kurudiwa, na kama imelowana kwa miezi, kuibadilisha kunaweza kuwa nafuu kuliko kuhangaika nayo. Angalia pia mistari ya saruji kati ya vigae, hunywa mkojo sana. Ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti bandia ukiimulika gizani itakuonyesha madoa usiyoyajua.

Jik ina nafasi yake, mwishoni, kwenye sakafu ngumu iliyokwisha kuoshwa na kusuuzwa. Nalisema hili kwa sababu ya afya. Mbwa anaweza kubeba bakteria wa homa ya mgunda kwenye mkojo bila kuonekana mgonjwa, ugonjwa ule ule uliotangazwa mkoani Lindi mwezi Julai 2022. Huingia kwa mtu kupitia mikwaruzo na macho au mdomo. Msafishaji avae glavu, na katika miezi hii asiwe mkeo. Bobi na mbwa wa shemeji wachanjwe. Chanjo ya mbwa ipo. Kuna jambo jingine ambalo naamini ameshalisikia kwa mashoga zake: ugonjwa wa toksoplazma unaotishia mimba hutokana na kinyesi cha paka na nyama isiyoiva vizuri. Mkojo wa mbwa hauuleti. Asiongezewe hofu isiyo yake.

Baada ya kusafisha, miezi miwili ya kumbana kwa upole. Lengo ni kwamba asipate nafasi ya kuweka alama hata moja bila nyinyi kuwepo, kwa sababu kila alama ni mwaliko wa nyingine. Mkiwa nyumbani, awe macho yenu yanapofika, hata kwa kamba nyepesi iliyofungwa kiunoni mwako unapoangalia taarifa ya habari. Msipoweza kumtazama, awe kwenye banda lake, varanda yenye uzio, au chumba kimoja chenye malazi yake. Vyumba vingine vifungwe. Kochi lisogezwe mbali na dirisha, na sehemu ya chini ya kioo ibandikwe karatasi ya ukungu asione barabara. Mabegi ya wageni yawekwe juu au ndani ya kabati, kila mara. Sehemu alizokuwa anakojoa, zikishakuwa safi, mlishieni hapo chakula chake. Mbwa wengi hawapendi kukojoa mahali wanapokula.

Nje mpe nafasi kubwa zaidi. Asubuhi anapoamka, baada ya kula, jioni na kabla ya kulala. Kwenye matembezi mwachie anuse na aweke alama kwenye nguzo na vichaka kadiri atakavyo, ila si kwenye geti la mtu. Wapo wanaosema kumruhusu nje kunamfundisha kufanya ndani. Sikubaliani nao. Mbwa aliyenusa na kuandika mtaa wake kwa nusu saa hurudi ametulia.

Ila ramani yako inaniambia kwamba kiini kiko kwenye yule dume mdogo. Zungumza na shemeji kwa heshima, maana najua mgeni wa upande wa mke hasemeshwi ovyo. Mbwa wote wawili watembezwe pamoja nje ya geti, sambamba, kila mmoja na mtu wake. Bakuli tofauti, malazi tofauti, na kila mmoja awe na mahali ambapo mwenzake haingii. Angalia kama mmoja anamkodolea mwenzake macho, anamzibia njia ya mlangoni, au anakakamaa anapopitiwa. Kumhasi yule mdogo kunaweza kupunguza joto kati yao, sitakuhakikishia. Wakianza kupigana, watenganisheni na mtafute mtu wa kuwaona ana kwa ana kabla mambo hayajakomaa.

Kuna mkanda wa tumbo, kitambaa kinachofunika uume na kunyonya mkojo. Unaokoa fanicha siku ya wageni. Ubadilishwe kila unapolowa na uvuliwe usiku, la sivyo ngozi itachubuka. Haumfundishi kitu, na ni afadhali ujue hivyo mapema.

Dawa za kutuliza hofu zipo, kama fluoksetini na klomipramini, na kwa mbwa ambaye mashaka ndiyo chanzo husaidia pamoja na hayo yote niliyoeleza. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Usinunue famasi kwa sababu umezisikia zikitumiwa na binadamu. Na mwambie daktari mnamwogesha kupe kwa dawa gani: nyingi za kuogeshea hapa kwetu zina amitrazi, na kuchanganya amitrazi na dawa hizi ni hatari kwa mbwa. Swali hilo husahaulika sana.

Tuje kwenye uamuzi wa mkeo, maana hajakosea kuuliza. Kumlaza Bobi nje si ukatili. Mbwa wengi wa nchi hii huishi uani na wana afya njema. Ukatili ni kumtoa ghafla mbwa aliyezoea watu miaka mitano, kumfungia kwenye banda la bati mchana kutwa na kumfungulia usiku tu. Mkiamua hivyo, anzeni sasa na si wiki ya kujifungua: banda lenye kivuli lililoinuliwa juu ya ardhi, maji, kinga ya mbu na kupe, chakula chake huko huko, na saa zake za kukaa na watu kila siku zibaki. Ujue tu kwamba ataendelea kuweka alama huko nje, getini na kwenye matairi ya gari, na ugomvi na yule dume mdogo hautatatuliwa na ukuta.

Kumpa mtu ningeliweka mwisho kabisa. Mbwa wa miaka mitano mwenye tabia hii, akipelekwa nyumba ya tatu ndani ya mwaka mmoja, ataifanya zaidi. Kama itafikia huko, mpokeaji aambiwe ukweli wote.

Mategemeo yangu, nikikuambia kwa uwazi: mkifuata haya, ndani ya wiki sita hadi nane alama zitapungua sana. Kuisha moja kwa moja sikuahidi, hasa siku za wageni. Zisipopungua hata kidogo ndani ya muda huo, au mkojo ukionyesha shida, au kukiwa na kunguruma kwa watu, msibahatishe tena nyumbani. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro hupokea mbwa, na daktari wenu wa Dar es Salaam anaweza kuwapa barua ya rufaa. Nendeni na ile ramani na video fupi za simu. Ni ushahidi mzuri kuliko maelezo ya mdomo.

Na mtoto. Maandalizi yaanze mwezi huu. Kitanda chake na vifaa vyake viingizwe kidogo kidogo, viwe ndani ya chumba chenye mlango wa wavu, Bobi avinuse kupitia wavu huku akipewa kitu kitamu. Ratiba yake ya matembezi ibadilike sasa iwe ile mtakayoimudu mtoto akiwepo, na atakayemtembeza wakati huo, pengine shemeji, aanze kumtembeza leo. Siku mnayotoka hospitali, mtu mmoja atangulie na kitambaa alichovikwa mtoto, amnusishe kwa mbali akiwa ametulia. Mbwa na mtoto mchanga wasiachwe chumba kimoja peke yao hata dakika, awe Bobi au mbwa mwingine yeyote mpole wa duniani. Na nepi zilizotumika ziwe kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana, mahali asipofika.